Nafasi ya 15, kombe mkononi: namna ya kuusoma msimu wa 2024/25 wa Ligi ya Mabingwa Ulaya

Usiku wa Januari 29, 2025, Dinamo Zagreb iliifunga AC Milan mabao 2-1 na kufikisha pointi 11. Saa ileile, Manchester City ilitoka nyuma ikaichapa Club Brugge 3-1, nayo ikafikisha pointi 11. Brugge waliofungwa wakabaki na pointi zao 11. Sporting ya Lisbon ilikuwa na 11 vilevile. Timu nne, pointi zilezile. Tatu zikasonga mbele, moja ikatolewa, na iliyotolewa ni Dinamo walioshinda. Brugge waliopigwa wakapita.

Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa inakaribia saa saba usiku. Pale kwenye kibanda umiza nilipokuwa nimekaa, swali lilikuwa moja: kwani Zagreb si wameshinda? Miezi minne baadaye likaja swali zito zaidi. Liverpool walioongoza msimamo wa timu 36 walikuwa wameshatolewa hatua ya 16 bora, na kombe likanyanyuliwa na Paris Saint-Germain (PSG), waliomaliza nafasi ya 15. Maswali yote mawili yana majibu, na yote yanatoka mahali pamoja: msimamo wa mashindano haya haufanani na msimamo wa ligi tunazozizoea, ingawa kwa macho unafanana nao kabisa.

Hadi msimu wa 2023/24 mambo yalikuwa mepesi. Timu 32, makundi manane, kila kundi timu nne. Unacheza na kila mmoja wa kundi lako nyumbani na ugenini, mechi sita, wawili wa juu wanapita, wa tatu anashushwa Ligi ya Europa, mashindano ya pili kwa ukubwa ya klabu za Ulaya, wa nne anakwenda zake. Mtoto wa darasa la tano aliweza kupiga hesabu. Tatizo lilikuwa kwamba makundi mengi yalishaamuliwa kabla ya mechi ya mwisho, na vigogo walikuwa wakilalamika muda mrefu kwamba hawakutani vya kutosha kabla ya mtoano. Mechi za vigogo ndizo zinazouza haki za televisheni.

Lalamiko hilo ndilo lililozaa sakata la Aprili 18, 2021, klabu 12 zilipotangaza kuanzisha European Super League, ligi yao wenyewe nje ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Ilisambaratika ndani ya siku chache, mashabiki wa Uingereza wakiwa barabarani. Lakini siku moja tu baada ya tangazo lile UEFA iliupitisha muundo wake mpya. Mwanzoni ulikuwa na mechi kumi kwa kila timu, na nafasi mbili kwa ajili ya klabu zenye historia nzuri hata kama hazikufuzu kupitia ligi ya nyumbani. Mei 2022 UEFA ilirudi nyuma kidogo: mechi zikawa nane, na zile nafasi mbili zikapewa nchi ambazo klabu zake kwa pamoja zimefanya vizuri zaidi Ulaya msimu uliotangulia. Kwa 2024/25 nchi hizo zilikuwa Italia na Ujerumani. Ndiyo maana Bologna na Borussia Dortmund, zote zikiwa zimemaliza nafasi ya tano kwenye ligi zao, zilikuwemo. Mimi naona hapo UEFA ilifanya jambo la haki. Nafasi inayotolewa kwa sababu ya jina la klabu ingeua maana ya kufuzu.

Sasa tuje kwenye ratiba, maana ndiko fundo lilipo.

Timu 36 ziligawanywa kwenye vyungu vinne vya timu tisa tisa, kwa kufuata rekodi yao ya Ulaya ya miaka mitano, bingwa mtetezi Real Madrid akiwa chungu cha kwanza. Kila timu ilipangiwa wapinzani wanane: wawili kutoka kila chungu, mmoja nyumbani na mwingine ugenini. Huwezi kukutana na timu ya nchi yako, na huwezi kupangiwa zaidi ya timu mbili za nchi moja. Ukijaribu kuyapanga hayo kwa mkono, kwa mipira ya bakuli kama zamani, utakesha. Kwa hiyo pale Monaco, Agosti 29, 2024, timu zilichotwa kwa mkono, kisha kompyuta ikamtafutia kila mmoja wapinzani wake.

Tazama maana yake. Hapakuwa na makundi tena. Palikuwa na msimamo mmoja mrefu wenye timu 36, lakini kila timu ilikuwa na ratiba yake. Katika ligi ya kawaida, Simba na Yanga wanakutana na timu zilezile, nyumbani na ugenini, kwa hiyo mwisho wa msimu pointi zao zinalinganishwa kwa mizani moja. Hapa kila timu ilikutana na wapinzani wanane kati ya 35. Ni kama darasa moja ambamo kila mwanafunzi amepewa karatasi yake ya mtihani, halafu matokeo yakabandikwa ubao mmoja kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Vyungu viliwekwa ili karatasi hizo zikaribiane kwa ugumu, na kwa kiasi vilisaidia. Lakini vyungu vinapima miaka mitano iliyopita, havijui timu ikoje leo. RB Leipzig ilikuwa chungu cha kwanza, ikamaliza nafasi ya 32 kwa ushindi mmoja tu. Aston Villa ilikuwa chungu cha nne, ikamaliza ya nane baada ya kuwafunga hata Bayern Munich. Aliyepangiwa Leipzig kama "kigogo" wake na aliyepangiwa Villa kama "kibonde" wake hawakupewa kazi waliyodhani wamepewa.

Turudi Zagreb. Zamani, timu mbili za kundi moja zikilingana pointi, kitu cha kwanza kuangaliwa kilikuwa matokeo ya zilipokutana. Katika muundo mpya hilo haliwezekani, kwa kuwa timu nyingi hazikukutana kabisa. Dinamo na Brugge hawakuonana hata mara moja. Kwa hiyo kigezo cha kwanza kikawa tofauti ya mabao ya kufunga na kufungwa. Bao lolote, dhidi ya yeyote, mwezi wowote, likawa na uzito.

Na Dinamo walikuwa na jeraha la Septemba. Septemba 17, mechi yao ya kwanza kabisa, walikwenda Munich. Mapumziko walikuwa nyuma 3-0. Kipindi cha pili wakarudisha mawili ya haraka, ikawa 3-2, wakaamini. Bayern wakaongeza sita. Ikaisha 9-2, Harry Kane akifunga manne, matatu kati ya hayo kwa penalti. Siku ile watu walilichukulia kama kituko cha wiki moja. Kwa hesabu za makundi ya zamani, kipigo cha tisa na kipigo cha bao moja vingekuwa karibu kitu kimoja: umepoteza pointi tatu, endelea.

Ukijumlisha mechi zao zote nane, Dinamo walifunga mabao 12 na kufungwa 19. Tofauti: hasi saba. Ukiiondoa mechi ya Munich, walifunga 10 na kufungwa 10, yaani sifuri kamili. Ile hasi saba yote ilitoka usiku mmoja. Brugge walikuwa na hasi nne. Dinamo wangefungwa 5-2 Munich badala ya 9-2, wangekuwa na hasi tatu, na Brugge ndio wangetolewa. Mabeki walipoacha kukimbia dakika za mwisho pale Allianz Arena, walikuwa wanacheza mechi ya Januari bila kujua.

Nafikiri hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, na halikuzungumzwa vya kutosha. Ukifungwa 3-0 sasa huruhusiwi kukata tamaa, na ukiongoza 4-0 huna sababu ya kupunguza mwendo. Barcelona, Arsenal na Inter zote zilimaliza na pointi 19, zikapangwa nafasi ya pili, ya tatu na ya nne kwa tofauti ya mabao peke yake.

Msimamo wenyewe ulikatwa vipande vitatu. Wa kwanza hadi wa nane walikwenda moja kwa moja 16 bora. Wa tisa hadi wa 24 walicheza raundi ya mchujo, nyumbani na ugenini, kuwania nafasi nane zilizobaki. Wa 25 hadi wa 36 walitoka, na safari hii hapakuwa na godoro la kuangukia. Sevilla mwaka 2023 ilibeba Ligi ya Europa baada ya kushika nafasi ya tatu kwenye kundi lake la Ligi ya Mabingwa. Mlango ule umefungwa. Ukitolewa, umetolewa Ulaya nzima mpaka msimu ujao.

Mechi zote 18 za mwisho zilichezwa kwa wakati mmoja, ili asiwepo wa kupiga hesabu akijua tayari matokeo ya mwenzake. Milan waliingia usiku ule wakiwa ndani ya nane bora. Kipigo cha Zagreb kikawaporomosha hadi nafasi ya 13, wakapelekwa kwenye mchujo, na huko Feyenoord wakawatoa. Manchester City waliingia wakiwa na pointi nane tu, sare isingewasaidia, na hadi mapumziko Brugge walikuwa wanaongoza 1-0 Etihad. Bingwa wa 2023 alikuwa dakika 45 kutoka nje.

City walifikaje huko? Wiki moja kabla walikuwa Paris wakiongoza 2-0, wakafungwa 4-2. Mechi hiyo iliwazamisha City na kuwafufua PSG kwa wakati mmoja.

Baada ya mechi tano PSG walikuwa na pointi nne. Walikuwa wameifunga Girona kwa shida, wakatoka sare na PSV, wakafungwa na Arsenal, Atletico Madrid na Bayern. Kama hatua ya ligi, yaani zile mechi nane za msimamo, ingeishia hapo, wasingevuka. Ukiwatazama uwanjani hawakuwa timu mbovu. Walikuwa wanamiliki mpira, wanatengeneza nafasi, hawafungi. Kisha wakaifunga Salzburg 3-0, City 4-2, na siku ya mwisho Stuttgart 4-1, Ousmane Dembélé akifunga matatu. Mechi tatu, mabao 11. Pointi 13, nafasi ya 15.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana mfano huu unafungua kila kitu. Nafasi tatu chini ya PSG kulikuwa na Brest, klabu ya bandari huko magharibi mwa Ufaransa ambayo haikuwahi kucheza mashindano ya Ulaya, na ambayo mechi zake za nyumbani ilizicheza Guingamp kwa sababu uwanja wake haukukidhi masharti. Brest walishinda mechi nne, wakatoka sare moja, wakafungwa tatu. PSG walishinda nne, sare moja, wakafungwa tatu. Rekodi ileile, pointi 13 zilezile. Msomaji wa msimamo angesema hawa wamelingana, tofauti ni mabao machache. Februari wakapangwa kukutana kwenye mchujo, na PSG wakashinda 3-0, kisha 7-0. Jumla 10-0.

Siwadharau Brest hata kidogo. Waliwafunga PSV, wakatoka sare na Bayer Leverkusen, na kwa klabu ya ukubwa wao kufika pale ni kazi ya kuheshimiwa. Ninachosema ni kwamba mechi nane hazitoshi kupanga ubora wa timu 36 ambazo hazikukutana. Mechi hizo zinaweza kuwatenga walioshindwa kabisa na wale wengine, zikaishia hapo. Hatua ya ligi ni chekeche. Inachuja makapi, haipangi punje kwa ukubwa.

Lakini UEFA iliutumia msimamo huo kama ngazi ya kweli kwa ajili ya mtoano, na hapo ndipo Liverpool walipoumia. Utaratibu ulikuwa hivi: timu zilipangwa kwa jozi. Wa kwanza na wa pili wangekutana, kwa droo, na washindi wa mchujo uliohusisha nafasi za 15 hadi 18. Wa tatu na wa nne wangekutana na waliotoka nafasi za 13, 14, 19 na 20, na kuendelea hivyo, ili aliyefanya vizuri apate mpinzani dhaifu zaidi. Wazo zuri, kama nafasi ya 15 kweli ingekuwa nafasi ya timu ya 15 kwa ubora.

Liverpool walishinda mechi saba za kwanza mfululizo, zikiwemo za Real Madrid na Leverkusen, wakapoteza ya nane kwa PSV huko Eindhoven baada ya kuwapumzisha wachezaji wengi tegemeo. Pointi 21, kileleni. Nafasi za 15 hadi 18 zilitoa washindi wawili: PSG na Benfica. Droo ya Nyon, Februari 21, ikawapa Barcelona Benfica, Liverpool wakapewa PSG. Na PSG wa Februari hawakuwa wale wa Novemba hata kwa majina: Khvicha Kvaratskhelia alikuwa amewasili kutoka Napoli mwezi Januari, na kanuni ziliruhusu asajiliwe kwa ajili ya mtoano.

Mkondo wa kwanza Paris, PSG walipiga mashuti 27. Alisson, kipa wa Liverpool, akazuia kila kitu, na Harvey Elliott, aliyekuwa ameingia muda huo huo, akafunga dakika ya 87. Liverpool 1-0. Zawadi zote za kuongoza msimamo walikuwa nazo sasa: ushindi wa ugenini mkononi na marudiano nyumbani kwao Anfield. Dembélé akasawazisha jumla dakika ya 12, ikafika penalti, kipa wa PSG Gianluigi Donnarumma akapangua za Darwin Núñez na Curtis Jones, PSG wakapita kwa 4-1. Sikuwahi kuona timu iliyoongoza mashindano ikilipwa mechi ngumu namna ile mapema namna ile.

Je, kumaliza ndani ya nane bora hakuna faida, basi? Ipo, lakini ni ya miguu zaidi kuliko ya njia. Unaokoa mechi mbili za Februari, mwezi ambao ligi za nyumbani zinabana. Ila hesabu ya msimu ule haikuonyesha tofauti kubwa: katika robo fainali walikuwemo wanne walioruka mchujo, Arsenal, Barcelona, Inter na Villa, na wanne waliopitia humo, PSG, Real Madrid, Bayern na Dortmund. Hata Brugge, walioponea chupuchupu nafasi ya 24, waliwatoa Atalanta wa nafasi ya tisa kwa jumla ya mabao 5-2.

Pesa nayo inafuata msimamo, ndiyo maana klabu haziwezi kuudharau. Kila moja ilianza na euro milioni 18.62 kwa kushiriki tu. Ushindi mmoja kwenye hatua ya ligi ni euro milioni 2.1, sare 700,000, na kufika 16 bora milioni 11. Kwa klabu kama Dinamo, mabao yale manne ya ziada ya Munich yana bei inayoweza kuandikwa kwenye hundi. Gharama ya upande wa pili wanailipa wachezaji: mashindano yote yalitoka mechi 125 hadi 189.

Fainali ilichezwa Munich, Mei 31, mji uleule Dinamo walikoachia tisa. PSG 5, Inter 0. Hakuna fainali ya mashindano haya iliyowahi kuisha kwa tofauti kubwa hivyo. Désiré Doué, akiwa na siku tatu kabla ya kutimiza miaka 20, alifunga mawili na kutoa pasi ya bao la kwanza la Achraf Hakimi. Ufaransa ilikuwa na bingwa mmoja tu kabla ya hapo, Marseille wa 1993, na hao nao walichukulia kombe Munich.

UEFA iliona tatizo la ngazi hiyo, angalau kwa sehemu. Katika 2024/25, nani acheze marudiano nyumbani kwenye robo na nusu fainali iliamuliwa kwa droo. Barcelona, wa pili kwenye msimamo, walilazimika kumalizia nusu fainali yao San Siro dhidi ya Inter wa nne, wakasawazishiwa na beki wa Inter Francesco Acerbi dakika za nyongeza, wakatolewa kwa jumla ya 7-6. Kuanzia 2025/26 wanne wa juu wanapewa marudiano ya nyumbani kwenye robo fainali, na wawili wa juu kwenye nusu fainali. Kanuni hiyo ingekuwepo mwaka mmoja mapema, ule usiku wa Acerbi ungechezwa Barcelona.

Arsenal, wa tatu, nao walimalizia nusu fainali ugenini, Paris, dhidi ya timu ya nafasi ya 15. Wao kanuni mpya isingewasaidia. Anayemtoa aliye juu yake anairithi nafasi yake, na PSG, tangu ule usiku wa penalti pale Anfield, walikuwa wamekalia kiti cha Liverpool.